Supu Isiyo na Chumvi Ina Maana Gani

Jumatatu, tarehe 4
Mhariri karudisha riwaya yangu. Eti wahusika wangu hawana hisia. Kanishauri nizipitishe kwenye chakula: mtu akipika, msomaji aonje kilichomo moyoni mwake. Nimemdharau saa nzima, kisha nikalichukua wazo likawa langu. Nitamchunguza mke wangu. Moyo anao, na anapika kila siku. Kasema tuna jambo zito la kuzungumza. Nimemwambia asizungumze, apike. Nimehamia chumba cha kuandikia, godoro na yote.

Jumanne, tarehe 5
Maharage yameungua. Hasira! Kurasa tatu kwa mkupuo. Mke wangu kauliza kama nimesikia alichosema tangu asubuhi. Nimemjibu kwamba maharage yameshasema. Kanipa kisogo.

Jumatano, tarehe 6
Supu haina chumvi hata chembe. Huzuni, au dharau? Nimekunywa bakuli mbili ili nipate uhakika. Nyumba imetulia ajabu. Hatimaye mke wangu kaelewa kuwa msanii anahitaji kimya.

Alhamisi, tarehe 7
Viazi vimekatwa vikubwa kama ngumi, katikati vibichi. Mapenzi yanayojikaza! Nimemsifu kupitia mlango wa jikoni. Hakujibu, kakohoa tu, kikohozi kizito. Maskini, ana mafua. Nimekitia kikohozi kwenye sura ya saba.

Ijumaa, tarehe 8
Nimeingia jikoni kuomba ufafanuzi. Nimemkuta shemeji, kaka wa mke wangu, fundi wa matairi, kavaa aproni. Eti dada yake aliondoka Jumatano asubuhi na mabegi mawili, akamwomba asiniache na njaa mpaka nigundue. Yeye alidhani nitagundua siku ileile. Dada yake alisema itanichukua wiki. Nikauliza supu ile ilikuwa na maana gani. Kasema hakuona chumvi inakowekwa. Kurasa kumi na nne tangu Jumatano, zote moyo wa fundi wa matairi. Nimeumia sana.

Jumamosi, tarehe 9
Mke wangu kapiga simu. Nikitaka arudi, nimwulize swali moja tu kuhusu yeye. Lolote. Nampenda, jamani, na nyumba hii bila yeye haikaliki. Nimefikiri vizuri, nikachagua kwa makini. Nimemwuliza leo kapika nini.

Kakata simu bila kutaja hata mboga.

Shemeji kaniletea chai na kuniambia pole. Sukari imezidi. Huruma, bila shaka. Nimeshachukua kalamu.