Vita vya Radi na Giza la Ngazini

Sogeeni, nyinyi mliokaa mbali, na wewe unayetafuna, tafuna polepole. Maana leo yanasimuliwa mapambano ambayo hayajapata kuonekana tangu jengo lile la orofa tatu lilipopakwa rangi ya kwanza na ya mwisho.

Alikuwako binti wa miaka kumi na minne, wenzake wakimwita Wino, bingwa wa penseli, mwenye vidole vyeusi, mchoraji wa katuni za Radi, msichana shujaa arukaye angani. Mashujaa wa wengine walipigana na majitu kutoka nyota za mbali. Radi, la! Radi alipambana na maadui wenye anwani: bomba livujalo, shimo la njia ya shule, mbwa wa duka la vyuma. Na Wino alikula kiapo kizito, kwamba hatachora ushindi ambao haujatokea kweli.

Kiapo hicho kikamkwamisha. Katika ukurasa wa kumi na moja, Giza, mfalme wa ngazi zisizo na dirisha, alikuwa amemwangusha Bibi. Ndivyo ilivyokuwa: balbu iliungua, bibi yake Wino akakosa kidato, kifundo kikateguka. Kifundo kilipona; moyo haukupona. Siku kumi na moja hajashuka uani, kwenye benchi lake lenye jua na shoga yake.

"Mimi na uani tumeachana," alisema akicheka, macho yakiwa dirishani.

Darasani walimdhihaki Wino. "Radi gani huyo anashindwa na balbu? Tupe jitu la anga, dada!"

"Jitu la anga limemwangusha bibi ya nani?"

Ndipo saa nane mchana akajifunga shuka mabegani, akamwendea msimamizi wa jengo, mbeba funguo, sultani wa Kesho, aliyekuwa akinywa chai.

"Ewe mwenye funguo! Kila siku umeniahidi kesho. Leo nimeifuata hiyo kesho hapa inapokaa!"

Msimamizi akasimama kama mhutubu. "Mwanangu, taa ni jambo la utaratibu. Kuna fomu, kuna ukaguzi, kuna..."

"Kuna bibi yangu."

Msimamizi akakohoa. Akafungua stoo, akatoa balbu na kigoda.

Wino akazima swichi, akapanda, akanyoosha mkono kama arushaye mkuki ngomeni. Balbu ikagoma! Ilikuwa ya kuzungusha, na kishikio kilitaka ya pini mbili. Majeshi yote yakarudi nyuma, yaani Wino alishuka kigodani.

Mlango wa jirani yao, fundi cherehani, ukafunguka. Mama yule, mwenye rundo la sare za kumaliza, hakuhutubu. Alichomoa balbu ya taa yake ya kushonea, akaifuta kwa pindo la gauni.

"Chukua, mwanangu. Mimi nitasogea dirishani."

Wino akapanda tena. Kigoda kikayumba, na bila kuombwa, msimamizi akapiga goti, akakishika kwa mikono miwili. Balbu ikasukumwa, ikazungushwa kidogo, ikakaa. Swichi ikabonyezwa.

Giza likatoroka bila kuaga, likiacha pembeni utando wa buibui na ndara moja ya Bibi iliyotafutwa siku zote hizo.

"Bibi! Njoo uone!"

Bibi akatokea juu ya ngazi. Akatazama taa, akamtazama mjukuu.

"Hilo si shuka langu?"

"Ndilo, Bibi."

"Utalifua."

Kisha akashuka, kidato kimoja, kingine, kingine, na waliokuwa chini walisahau kupumua mpaka alipovaa ndara yake.

Jioni ukurasa wa kumi na mbili ukakamilika. Radi alikuwemo, ila kwa udogo. Fundi na msimamizi walichorwa wakubwa, wote wawili wamefungwa shuka mabegani.

Na iandikwe, vitukuu wasome, kwamba katika zama za balbu ya kuazima, mwanamke mmoja alishuka vidato kumi na saba bila kushika ukuta, akaenda kukaa juani.