Injini Aliyonitumia Baba Mkwe

Jumamosi, 28 Juni

Siku ya ishirini na tatu ya ndoa. Mwanakombo ameamka ananukia iliki. Sijui anaipaka wapi. Sijauliza, nimebaki kufurahi tu.

Ndege imekamilika, imebaki injini. Mabawa mawili, moja juu ya jingine, mita mbili na nusu kutoka ncha hadi ncha. Bawa la juu nimebandika MWANA, la chini KOMBO, kwa herufi nilizochapa mwenyewe kwenye duka langu la kutoa kopi hapa Likombe. Kila nikizisoma kifua kinajaa.

Siku ya harusi nilisimama mbele ya ukoo wake wote nikaahidi: Saba Saba, ndege yenye jina lake itaruka mbele ya macho yao, mimi nikiwa chini na rimoti, nimemshika mke wangu mkono. Rimoti inataka mikono miwili. Nitafikiria.

Zimebaki siku tisa. Nikishindwa, ukoo mzima utajua Mwanakombo kaolewa na maneno matupu.

Jioni Mustafa kapita dukani. Huyu ndiye aliyepiga video ya harusi yetu kwa droni. Amesoma na mke wangu miaka minne, dawati la nyuma yake. Kwenye ile video Mwanakombo anaonekana dakika kumi na moja. Mimi sekunde arobaini, mdomo umejaa pilau. Leo amejitolea kuniagizia injini ya petroli kutoka Dar es Salaam, mpya, iliyotengenezwa hasa kwa ndege ndogo. Itafika baada ya wiki tatu, shemeji.

Wiki tatu. Yaani baada ya Saba Saba. Na nani kamwambia mimi ni shemeji yake? Nimekataa kwa adabu.

Jumatatu, 30 Juni

Kwa Gideoni, fundi wa pampu na misumeno. Mtu wa Mbeya, mrefu, husema taratibu kama anayehesabu maneno yasije yakaisha. Ana injini ya msumeno wa mnyororo imekaa chini ya meza. Nguvu inayo. Lakini ikiwaka, meza inatembea. Kikombe cha chai cha Gideoni kimetembea nayo hadi ukingoni na kuanguka. Yeye hakushtuka hata kidogo. Mtu asiyeshtuka kikombe chake kikivunjika anaficha jambo.

Nikamwonyesha picha ya ndege. Kaitazama, kasema pua ni fupi mno. Nikiweka injini nyepesi, mkia utakuwa mzito na ndege itakaa matako chini kama mbuzi aliyechoka. Niweke injini nzito kiasi mbele, kuliko kuja kuongeza vipande vya madini ya risasi baadaye. Ushauri mzuri sana. Mzuri kupita kiasi. Nimemuuliza kama anafahamiana na Mustafa. Kasema ndiyo, alimtengenezea jenereta.

Nilijua.

Jumanne, 1 Julai

Nimeazima mashine ya kufyekea majani kwa jirani, mama Felista, kwa kisingizio cha kufyeka. Nimeipima injini yake kwenye mzani wa dukani. Nyepesi kama kuku wa wiki sita. Mkia ungeshinda. Na mama Felista alisimama uani muda wote akiuliza majani yako wapi. Imebidi nifyeke uwanja wake wote ndipo aniache.

Mwanakombo kanifuta jasho kwa upande wa kanga. Halafu simu yake ikaita, akatoka nje kuipokea. Hajawahi kutoka nje kupokea simu. Nimesogea dirishani. Nimesikia akisema hajui kitu huyu, lakini mtaona, atafanya. Kisha akacheka kile kicheko ambacho nilidhani ni changu peke yangu.

Sijala. Nimekula kidogo. Alikuwa amepika samaki wa nazi.

Jumatano, 2 Julai

Maajabu. Asubuhi bodaboda kasimama mlangoni na mzigo kutoka Mtawanya, kwa baba mkwe. Bomba la kupulizia salfa kwenye mikorosho, lile la kubeba mgongoni, lenye injini ya petroli, pamoja na mfuko wa salfa wa kilo ishirini na tano. Hakuna barua. Hakuna salamu hata moja. Bodaboda kasema mzee kamwagiza ashushe mzigo na aondoke bila kusema neno.

Mzee Sudi si mtu wa kutoa vitu. Siku ya mahari alinihesabia hata viti nilivyokalia. Sasa ananipa injini nzima, msimu wa salfa umepamba moto? Nimelizunguka lile bomba mara tatu. Nimefikiri ni mtego wa Mustafa. Nimenusa tangi.

Halafu nikaelewa. Mzee ni mtu mzima, hawezi kusema mbele za watu kwamba ameguswa na ahadi yangu. Ametuma injini kimyakimya. Anataka ndege ya binti yake iruke! Machozi yalinitoka. Huenda ni salfa.

Mwanakombo akalitazama bomba, akanitazama mimi, akashusha macho akitabasamu. Nimemuuliza baba amelileta la nini. Kasema yeye hana ruhusa ya kunena, nitaelewa mwenyewe, mume wangu ni mtu mwenye akili.

Mume wangu ni mtu mwenye akili. Nimeyaandika tena ili yasipotee.

Alhamisi, 3 Julai

Nimelihamishia bomba chumba cha nyuma cha duka. Nitamshangaza mke wangu, asijue injini imeingia ndani ya ndege hadi siku yenyewe. Nimelifungua. Feni nimeitoa, pipa la salfa nimelitupa pembeni. Injini peke yake ni kilo nne kasoro. Nimeifunga puani na kuiinua ndege kwa vidole viwili chini ya mabawa: imetulia sawa, haichungulii mbele wala nyuma. Kama mzee alikuwa ameipima.

Gideoni amekuja kunisaidia kuchonga kipande cha kushikia pangaboi. Kaona lile pipa, kaganda. Kauliza ni nani anayefungua bomba la salfa mwezi wa saba. Huko mashambani maua ya mikorosho yametoka, wiki hii isipopulizwa ugonjwa wa ubwiri unga unayala yote na korosho hakuna. Kasema, kaka, hili bomba halikuja kwako kwa ajili ya mchezo, rudisha feni yake leo hii.

Juzi alisema niweke injini nzito. Leo ninayo nzito, anasema niirudishe. Nimemuuliza Mustafa kamwahidi nini. Kachukua bisibisi zake, kaondoka.

Mfuko wa salfa umefaa sana. Nimeulaza juu ya mkia ili ndege isikimbie nikijaribu injini.

Ijumaa, 4 Julai

Imewaka kwa mvuto wa tatu. Sauti tamu, nzito, inayojiamini. Nyaraka za wateja zote zimepaa hadi barabarani, na barua ya mtu ya kuomba kazi sijaipata mpaka sasa.

Mwanakombo aliisikia injini kutoka nyumbani. Nilipofika kanipokea mlangoni kwa macho yanayong'aa, kasema amewaambia kwao kwamba nafanya mazoezi kila siku na wamefurahi mno. Kisha akanipa kifurushi. Ndani kuna ovaroli la bluu, jipya, na barakoa nene.

Ovaroli la nani hili? Kalipimia mwili gani? Nikalivaa nikiwa tayari kukuta mabega ni ya Mustafa. Limenikaa kama ngozi. Vazi la rubani! Barakoa itakuwa ya vumbi la uwanjani. Kasema Jumatatu nilivae, twende shambani kwao Mtawanya alfajiri, ndugu zake wote watakuwepo wakinisubiri.

Hata uwanja amenitafutia. Mke wa namna hii wanampa nani tena? Wananipa mimi.

Jumapili, 6 Julai

Nimeiona simu yake ikiwa mezani. Sikuigusa. Niliisogelea tu. Ujumbe ulikuwa wa Mustafa: kesho nitakuwepo na droni, usimwambie.

Usimwambie.

Basi mpango wote ni huo. Ndege yangu iko angani, yeye na droni yake anaivamia, inaanguka, ukoo unacheka, na mtu wa dawati la nyuma anasogea dawati la mbele. Nimejaza tangi. Nimekaza boliti zote mara ya pili. Sitasema kitu. Mwanakombo kanikuna mgongo hadi nikalala, na nimelala nikiwa na hasira.

Jumatatu, 7 Julai, Saba Saba

Naandika nikiwa wa njano. Hata kope.

Tulifika na guta, pikipiki ya mizigo ya magurudumu matatu, ndege nimeifunika shuka. Ukoo wote ulikuwepo: wajomba, shangazi, wanawake jikoni na masufuria, ndoo za salfa zimepangwa chini ya mkorosho wa kwanza. Waliponiona na ovaroli walipiga vigelegele. Shangazi mmoja akasema jamani, kumbe mjini nako huzaliwa watu. Mzee Sudi akaja, akanipa mkono, kwa mara ya kwanza akanitazama usoni. Akauliza bomba liko wapi.

Nikavuta shuka.

Vigelegele vilikatika kama redio iliyokatiwa umeme. Mzee kaitazama ile injini puani mwa ndege. Kazunguka kwa nyuma, karudi mbele. Kasema taratibu kwamba hiyo ni injini yake. Nikasema ndiyo, baba, na nimeipenda. Mjomba mmoja akanong'ona kwamba watoto wa kusomea mjini ni msiba. Mwanakombo alikuwa ameziba mdomo kwa kanga. Nilidhani ni mahaba.

Mzee kakaa juu ya ndoo. Kasema, haya, maadamu umeshaiweka huko, tuone.

Ikaruka.

Naandika tena kwa sababu watakaonisimulia wataruka hapa: ndege iliruka! Ilikimbia kwenye njia ya katikati ya mikorosho, ikainua pua, ikapanda. Jina la mke wangu lilipita juu ya vichwa vya ukoo wake, na hata mzee alisimama kutoka kwenye ndoo. Mwanakombo alinishika kiwiko. Huo ndio mkono niliomwahidi, kwa hiyo nahesabu nimetimiza.

Ndipo nikaona droni. Imetulia juu ya shamba, ikinitazama kwa jicho lake moja. Mustafa alikuwa nyuma ya nyumba. Sikusubiri nivamiwe. Niligeuza ndege, nikaongeza petroli hadi mwisho, nikaifuata. Droni ikashuka. Nami nikashuka. Droni ikapita kati ya mikorosho miwili. Mimi nina mita mbili na nusu.

MWANA iko juu ya mkorosho mpaka sasa. KOMBO iliangukia ndoo za salfa. Injini imepasuka ubavu.

Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililoniuma. Mzee kaniambia neno moja tu: maua. Nikatazama juu. Kila tawi lilikuwa na maua, mengine yameanza kupata weupe wa ubwiri unga. Mikorosho tisini.

Mustafa aliweka rimoti yake chini, akavua shati, akaenda kuazima bomba la jirani, akaanza kupuliza. Bila kuombwa. Wakamchinjia kuku niliyekuwa nimeandaliwa mimi.

Jumanne, 8 Julai

Tulibaki Mtawanya. Bomba la kuazima lilirudishwa kwa mwenyewe saa nne, mikorosho sitini ikiwa bado. Mimi nimepewa njia ya zamani: salfa kwenye kitambaa chepesi, kitambaa juu ya mti mrefu, unatikisa huku vumbi likikushukia. Mwanakombo alijifunga kanga, akashika mti wa pili, akaja kutikisa kando yangu. Mikorosho sita alitikisa akiwa amenipa mgongo. Kisha alianza kucheka, na mimi nikacheka, na salfa ikatuingia mdomoni sote wawili. Sijawahi kuona mwanamke mzuri kiasi kile akikohoa.

Hapo ndipo akanieleza, kwa kuwa sasa anaruhusiwa. Kwao mwanamume akioa hufanya kazi msimu mmoja kwenye shamba la wakwe. Haambiwi. Kinapelekwa chombo cha kazi mlangoni pake, kimya. Zamani jembe, siku hizi bomba. Mwenye malezi huelewa na kuja. Asiyeelewa, mzee ana haki ya kumrudisha binti nyumbani hadi msimu upite. Ovaroli lilikuwa la kupulizia. Mustafa aliombwa na yeye Mwanakombo apige picha za siku yangu, iwe zawadi yangu. Na simu za nje zilikuwa za mama yake.

Nimemuuliza je, nitarudishwa peke yangu mjini. Kasema baba amehesabu mikorosho niliyotikisa na amekaa kimya, na ukimya wa baba si mbaya. Atanipelekea chombo kingine, aone.

Nimeelewa. Nimemwambia Mwanakombo nimeelewa kabisa. Chombo ni kazi, kazi ni mke. Wala si jambo gumu.

Alhamisi, 10 Julai

Tumerudi Likombe jana, wote wawili. Gideoni anachomelea ule ubavu wa injini na hanisemeshi.

Leo alfajiri nimefungua mlango. Barazani kuna pampu ya maji yenye injini ya petroli, kubwa mara nne ya ile. Hakuna barua. Hakuna salamu.

Mwanakombo, akiwa bado na usingizi, kasema ni ya bustani ya mchicha ya baba, niende nayo kesho.

Mchicha. Bustani ile iko ukingoni mwa kisima, mtoto wa miaka mitano anaimwagilia kwa kopo. Na mzee aliisimamia ndege yangu, nilimwona kwa macho yangu akisimama kutoka kwenye ndoo. Mtu hampi mkwe asiyempenda injini mbili ndani ya siku nane. Mchicha ni wa kumzuga Mustafa tu, na mke wangu mpenzi, kwa moyo wake mweupe, ameuamini.

Mabawa itabidi yafike mita nne. Pua itabaki fupi vilevile.

Injini ya pampu inashikiliwa na boliti nne. Tatu zimeshatoka.