Bahari Kwenye Meza ya Televisheni

Jumamosi, 1 Machi
Mhasibu ameweka tangi la samaki mapokezi pale kazini. Samaki watano wa maji baridi, wanene, hawana la maana. Meneja husimama hapo kila asubuhi, mikono nyuma, akitabasamu. Mimi miaka tisa masjala sijawahi kutabasamiwa. Na nafasi ya mkuu wa masjala iko wazi. Nimewaza: ikiwa maji baridi yanaleta tabasamu, maji ya chumvi yataleta cheo. Nimenunua tangi, pampu, taa ya buluu na kipande cha mwamba wa baharini. Meneja nimemwalika chai tarehe 15. Mama Pacha, mke wangu, ameuliza televisheni itakaa wapi. Nimemwambia asubiri aone. Ameiona sakafuni.

Jumapili, 2 Machi
Muuza samaki alinipa chumvi maalumu na karatasi ya maelekezo, ndefu kama hati ya shamba. Mama Pacha anaisoma. Mimi hujifunza kwa vitendo. Chumvi iliisha kabla tangi halijajaa, nikamalizia na ya jikoni. Chumvi si chumvi? Kumbe si chumvi. Tumemwaga yote, ndoo kwa ndoo, na mgongo wangu hauniamini tena.

Jumatano, 5 Machi
Nimefuata samaki. Muuzaji amekataa kuniuzia. Eti tangi likomae kwanza, wiki nne hadi sita. Nimeuliza linakomaaje, ni ndizi? Akasema kuna vijidudu wasioonekana, lazima wazaliane ili wale uchafu wa samaki. Nikauliza uchafu wa samaki gani, na samaki sina? Akasema nitie chakula kidogo kioze. Yaani nifuge uozo. Nimetoka dukani nikijua machache kuliko nilipoingia.

Jumamosi, 8 Machi
Maji yamepungua vidole viwili. Nani anayanywa? Nimewahoji pacha mmoja mmoja. Wamekana. Nimejazia maji ya chumvi, haki kwa haki. Mama Pacha amepima, akasema chumvi imezidi: kinachoruka hewani ni maji tu, chumvi hubaki, hivyo tujazie maji matupu. Nimelitafakari tangu chakula cha mchana. Limenishinda.

Jumanne, 11 Machi
Mwamba umeota kitu cha kahawia kama kutu. Nilikuwa nausugua kwa mswaki, jicho likanitazama kutoka kwenye tundu. Halafu jingine. Kaa. Nilinunua jiwe, nimepewa na mpangaji. Mama Pacha amesema karatasi imeeleza yote mawili, aya ya tatu.

Alhamisi, 13 Machi
Nimemwomba muuzaji anikodishe samaki kwa saa mbili tu. Akasema hakodishi, na kama angekuwa samaki asingekuja kwangu. Sawa. Pacha wana samaki wa plastiki, wa rangi ya chungwa. Uzi mwembamba, jiwe dogo, basi. Nani atajua?

Jumamosi, 15 Machi
Meneja amekuja. Kabla hajakaa, kaa alikuwa amekata uzi. Samaki wangu akapanda juu, tumbo wazi. Meneja alivua kofia akanipa pole, na mimi, sijui kwa nini, nikaipokea. Nikasema alikuwa mgonjwa siku nyingi.

Kisha kaa akatoka na kuanza kulisha mdomo wake kwa mikono miwili, kama mtu aliyechelewa kazini. Meneja akachuchumaa. Mama Pacha akachuchumaa pembeni yake, akamweleza vijidudu, chumvi, ile kutu, yote kwa mpangilio. Saa nzima. Mimi nilishika sinia. Meneja alimuuliza amesomea nini. Utunzaji wa kumbukumbu, alijibu. Aliacha kazi pacha walipozaliwa. Meneja akasema, "Mama, mtu anayesoma maelekezo hadi mwisho ndiye ninayemtafuta."

Nilidhani anamsifu ili kunisifu mimi.

Jumatatu, 31 Machi
Mkuu mpya wa masjala ameanza kazi. Tumetoka nyumbani pamoja, tumefika pamoja, yeye akaingia ofisini, mimi nikabaki mezani. Saa nne ameniita, akanirudishia faili nililopanga vibaya, na akaniita "bwana". Sielewi ni wapi mpango uliponiponyoka.

Lakini si haba. Nikiwa kwenye ngazi nimemsikia Meneja akisema utotoni alipenda sana nyuki. Nimeshapata mzinga, na roshani yetu ina jua la kutosha. Muuza mizinga alianza kunieleza mambo ya moshi na nguo za kujikinga. Nimemkatiza kwa adabu. Nimemwambia mimi nimefuga bahari.