Lifti, Vikwazo na Mama Mkwe

Jumamosi, 4 Khordad
Nimenunua bodi tatu za umeme za lifti, za Kijerumani. Kwa sababu ya vikwazo vya Wamarekani, Tehran nzima hazipatikani. Nimezisukuma chini ya kitanda. Redio imesema mazungumzo ya amani huko Geneva yamekwama. Habari njema. Yakivunjika kabisa, vikwazo vinabaki na bei naipanga mimi.

Jumapili, 5 Khordad
Wajumbe wa Geneva wamepigwa picha wakicheka. Sikuweza kula. Mlangoni nikakutana na Mahlagha wa ghorofa ya nne, mwalimu wa sheria ya kimataifa, aliyenishinda uenyekiti wa jengo kwa kura moja. Nikamuuliza kama kuna kifungu cha kuyachelewesha mazungumzo. Akaniuliza kama nina homa.

Jumanne, 7 Khordad
Lifti yetu imekufa. Bodi imeungua. Mama mkwe wangu, Touran, anakaa ghorofa ya sita, na mara tatu kwa wiki huenda hospitali kusafishwa damu. Kikao cha wakazi. Mahlagha akaeleza kwamba vikwazo haviruhusiwi kugusa dawa, ila lifti si dawa. Wote wakahuzunika. Nami nikahuzunika, kwa sauti. Nikapendekeza tuuandikie Umoja wa Mataifa. Bodi zangu zisubiri kidogo, bei bado haijaiva.

Jumatano, 8 Khordad
Tumemshusha mama mkwe kwa kiti, wanaume wanne. Alifumba macho, midomo imemkauka. Ghorofa ya tatu tukapumzika. Akanitazama.

"Bahman, mwanangu, hivi vikwazo nimewekewa na Wamarekani au na wewe? Mkeo amefagia chini ya kitanda."

 Mahlagha alikuwa nyuma, amembebea mkoba. Akautua, akanitazama kuanzia viatuni mpaka usoni. Afadhali angenitukana.

Alhamisi, 9 Khordad
Fundi amefunga bodi moja. Bure. Mama mkwe amepanda mpaka juu, kisha akaniletea bakuli la supu ya tambi. Nimekula nimeinamisha kichwa. Bodi mbili zilizobaki Mahlagha amezipeleka hospitali, kwa lifti zao. Barua ya shukrani imemtaja yeye.

Jumamosi, 11 Khordad
Redio inasema mkataba utatiwa saini wiki hii, kisha wajumbe wa Ujerumani watakuja Tehran. Nimetafakari sana. Kosa langu lilikuwa kusimama upande wa ugomvi. Sasa nipo upande wa amani: nimenunua bendera ndogo mia nne za Ujerumani, niwauzie watu wazipunge wajumbe wakija. Mahlagha amezitazama, akasema ni za Ubelgiji: rangi ni zile zile, ila mistari imesimama wima.

Nimemwambia Wabelgiji nao watakuja.