Malalamiko Dhidi ya Matumbo ya Nyungunyungu

Oyugis,
9 Machi 1999

Mwenyekiti,
Kamati ya Hewa Njema

Mheshimiwa,

Nimeisoma kwa makini amri yenu inayomtaka jirani yangu, Mama Risper Awino, afukie lundo lake la samadi kabla ya Ijumaa, kwa kuwa nyungunyungu waliomo hutoa gesi inayoipasha dunia joto. Mbolea nyingine hana, na msimu wa kupanda umewadia. Lakini sayansi haina huruma. Ninalolalamikia ni upole wa amri yenyewe.

1. Mmemshika asiyehusika. Gesi hutolewa na bakteria waliolala udongoni, wakamezwa, wakaamkia tumboni mwa nyungunyungu pasipo oksijeni. Yeye ni mwenye nyumba tu. Wapangaji nao waitwe, mmoja mmoja, kwa majina.

2. Gesi hiyo ndiyo madaktari wa meno huwavutisha wagonjwa, nayo huleta kicheko. Ushahidi ninao. Mama Bitutu aliposomewa amri yenu sokoni, alicheka hadi akaketi juu ya viazi vyake: "Mwalimu, wezi wa ng'ombe wamewashinda, sasa wanashika minyoo!"

3. Nyungunyungu hupita chini ya uzio bila kibali. Katika bustani ya maua iliyo mbele ya ofisi yenu nilichimba kwa kijiko, nikawakuta kumi na wanne, wote kazini.

4. Wavuvi wa Sindo huwatundika nyungunyungu kwenye ndoana kila asubuhi. Watetezi hao wa hewa hamjawapa hata cheti.

5. Ikiwa kosa ni kuwa na tumbo lenye bakteria, sioni ni kwa kanuni gani matumbo ya wajumbe yamesamehewa, hasa baada ya maharagwe ya mkutano wa Jumatano. Gari lenu, lililonguruma nje ya boma la Risper saa tatu nzima ili ndani msione joto, nimeliondoa katika orodha. Halina tumbo.

Wasalimuni wajumbe wote, na dereva pia.

Wenu katika usahihi,
Joash Obare
Mwalimu mstaafu wa kemia

T.B. Kanuni yenu ya saba yasema amri husimamishwa hadi kila lalamiko linaloihusu lichunguzwe. Haya ni matano, na mazito. Mvua imeanza, Risper anaitawanya samadi shambani, nyungunyungu wakiwemo, nami namsaidia kwa beleshi, kwani bila wao udongo wetu ni tofali. Nawasihi msikamilishe uchunguzi kabla ya mavuno.