Apareyi Nzito ya Mama Kyakimwa

Ézéchias alimwona Mama Kyakimwa pale Mavivi, nje ya uwanja wa ndege, ameinama upande kwa uzito wa kamera. Kamera nene ya kupigia maharusi. Akiifikisha Butembo angeiuza kwa bei kubwa kabla jua halijatua, na yeye alitakiwa apeleke mbuzi kumi kwa Mzee Mathe kabla ya Pasaka, la sivyo amsahau Bénite, binti wa mzee huyo, aliyetaka kumwoa. Mali yake yote duniani ilikuwa kamera ndogo mfukoni, nzima kabisa, aliyoipata kwa njia ambazo tusiziulize.

"Mama, unazungukaka Beni, Butembo, mpaka Kayna, na ile chuma ku shingo?" akasema kwa huruma ya padri. "Ku moto, juu ya pikipiki, itakuvunja mugongo. Leo bapiga picha ba safari banabebaka kadogo kama haka. Ile yako ni takataka, mais mie niko na roho muzuri. Tubadilishane."

"Ni ya marehemu bwana yangu," mama akasema, akashusha macho.

Ézéchias alitamani kuigeuza, kuifungua, hata kuinusa. Lakini mtu aliyekwisha kuita kitu takataka ataanzaje kukikagua? Akaomba picha moja tu, ya souvenir, ya ukumbusho. Mama akabonyeza, akainua na simu yake pembeni.

"Apareyi inatumaka picha ku telefone," akaeleza.

Kweli, Ézéchias akajiona humo anapendeza. Hakujua lolote juu ya kamera, na tapeli gani atakubali kusema hivyo? Wakabadilishana. Tena akamwongezea mama nauli ya pikipiki, maana dhamiri nayo inataka kula.

Kule Butembo, fundi Zacharie aliifungua kamera, akacheka mpaka akakaa chini. Ndani mlijaa simenti iliyokauka.

Ézéchias akampigia mama simu kwa hasira, kwa namba iliyoandikwa kwenye mkanda wa kamera.

"Mwana yangu," Mama Kyakimwa akajibu polepole, "iliharibika, sasa miaka tatu. Mie napigaka na telefone. Mais ku mariage, ku harusi, batu bakiona mutu na telefone tu, banamupa kiti ya nyuma na hapana banamulipa. Njo maana nikatia simenti, iwe na uzito. Mie mugongo imenishinda. Wewe vala ile, utakula."

Njaa haina aibu. Ézéchias akaivaa shingoni, akawa anapiga kwa simu yake. Mbuzi hawakupatikana, Pasaka ikapita, na baada ya majuma machache akaitwa kwa kazi yake ya kwanza ya maana. Aliyemwita ni Mzee Mathe. Mambo ya mbuzi mbali, mambo ya picha mbali.

"Tulitaka mupiga picha ya kweli," mzee akawaambia wageni, akiitazama kamera kwa heshima. "Mukwe yangu ameleta mbuzi kumi na mbili. Sitaki picha ya hovyo."

Akampa kiti cha mbele na sahani ya nyama. Bénite akaingia na shela nyeupe, akamwona, akatazama pembeni. Ézéchias aliumia, aliumia sana, na ujanja wote wa Butembo usingemsaidia hapo. Akainua simenti yake kwa mkono mmoja, simu kwa mwingine.

"Bibi-arusi," akasema, "karibia bwana yako kidogo."