Jiwe la Kumfunga Mdomo Daktari wa Meno

Jumatatu, 4 Agosti

Binti yangu Tamsin amepiga simu. Amechumbiwa! Mchumba ni Callum, mwalimu wa hesabu, kijana mpole kiasi kwamba unamsahau mkiwa chumba kimoja. Jumapili tunakula chakula cha mchana wote nyumbani kwa mama yake, Roslyn, mjini Emerald. Wote, maana yake na Graeme.

Graeme ni daktari wa meno. Alimwoa Roslyn miaka minne baada ya Roslyn kuchoshwa na mimi. Neno "kuchoshwa" ni lake Roslyn, liko hadi kwenye karatasi za mahakama.

Tamsin akasema, kama anayetaja hali ya hewa, kwamba Graeme amejitolea kutoa almasi ya marehemu mama yake itiwe kwenye pete.

Nilibaki na simu mkononi mpaka chai ikapoa. Miaka ishirini na mbili nachimba vito hapa Rubyvale. Halafu jiwe la binti yangu litoke kwa mtu anayechimba midomo ya watu!

Haitawezekana. Nimefungua kopo la tumbaku ninamoweka mawe yangu. Vipande vya bluu viwili vitatu, vidogo kama mbegu za nyanya. Na lile kubwa la saizi ya harage nililolipata mwaka wa mafuriko. Upande kijani, upande njano. Rangi ya bwawa la vyura. Siwezi kumvisha mwanangu bwawa.

Jumanne, 5 Agosti

Nimekwenda kwa Glenys Hocking, jirani yangu, mkata vito. Shida yangu ilikuwa yakuti moja ya bluu kwa bei ya ujirani. Yeye akaniuliza mkono wa Tamsin unafanya kazi gani. Swali gani hilo? Anamjua tangu anatambaa. Tamsin hupigilia farasi viatu vya chuma. Nyundo, tupa, misumari na kwato, kutwa nzima.

Glenys akasema basi nitazame ugumu kwanza, rangi baadaye. Kwenye kipimo cha ugumu almasi ina kumi, yakuti tisa, opali haifiki hata saba. Jiwe gumu hukwaruza lililo laini, na mkono wa Tamsin utalikwaruza kila jiwe laini utakalompa. Nikaitikia kama mtu anayesikia habari za zamani. (Zilikuwa mpya. Nimeziandika kiganjani nilipotoka.)

Ndipo akaliona lile la bwawa. Akaligeuzageuza juani. Kisha:

"Des, hii nayo ni yakuti. Zipo za njano, za kijani, za waridi. Hizi za rangi mbili watu wanafunga safari kuzitafuta. Niachie nimkatie mtoto. Sitaki hata senti."

Hataki hata senti! Glenys, ambaye alinidai chupa yake ya maziwa! Mpango wake naujua. Binti yangu aende kwa Graeme na kijani kidoleni, watu wacheke. Yakuti ni ya bluu, kila mtu anajua. Nimelirudisha jiwe mfukoni nikaondoka na heshima yangu.

Jumatano, 6 Agosti

Bahati imekuja yenyewe, imekaa kiti cha pili kutoka changu kwenye baa. Jina lake Lorcan Stubbs, mchuuzi wa mawe kutoka kusini. Akafungua kitambaa cheusi. Opali! Nyeusi, ndani yake ndimi za moto mwekundu na bluu. BLUU.

Nikakumbuka maneno ya Glenys kuhusu ugumu. Nikamwuliza Lorcan. Akasema hayo ni ya opali za kawaida, hii ni maalumu. Maelezo yaliyonyooka. Nikampa lile la bwawa pamoja na pampu yangu ya akiba. Akalitazama jiwe langu mara moja tu, akaagana akaondoka, viazi vyake vimebaki nusu sahani. Mtu mwenye adabu hakawii.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimefanya majaribio ya kitaalamu. Msumari juu ya opali: hakuna alama. Opali juu ya dirisha la karavani ninamoishi: mkwaruzo mzuri, mrefu. Opali juu ya miwani yangu: vilevile. Naandika haya kupitia mstari unaokata jicho la kulia, lakini sayansi ina gharama zake.

Nikaenda kumwonyesha Glenys, aumie kidogo. Hakuitazama usoni. Akaitazama ubavuni, kama mtu anayenunua ng'ombe. Akasema ni mawe matatu yaliyogundishwa. Juu kipande cha jiwe angavu kama kioo, na hicho ndicho kilichokwaruza dirisha langu. Katikati opali nyembamba kama ganda la kitunguu. Chini kitu cheusi cha bei rahisi. Akanionya isiguse maji, hasa ya moto, gundi italegea.

Halafu akauliza lile la rangi mbili liko wapi. Nikamwambia. Akaketi. Wivu ni ugonjwa mbaya, unakata miguu.

Jumamosi, 9 Agosti

Leo nimemtangulia Graeme. Nimefika Emerald asubuhi, Tamsin yuko uani kwa mama yake ananoa visu vya kwato. Nikampa pete. Fedha safi, nimeitia jiwe kwa mikono yangu mwenyewe. Ilikuwa kubwa kidogo, tukazungushia utepe wa bandeji kwa ndani.

Akaivaa. Akanitazama. Akanikumbatia na aproni yake ya ngozi, nikanuka farasi njia nzima kurudi nyumbani, na sikujali. Akauliza kama anaweza kufanya nayo kazi. Nikamwambia hata aiingize motoni.

Nilitaka kumwambia habari ya maji. Lakini ingeharibu saa ile.

Jumapili, 10 Agosti

Kila kitu kilianza vizuri. Tamsin alikuwa ameosha vyombo vya asubuhi, kisha akatengeneza saladi ya viazi, akaichanganya kwa mkono kama anavyopenda. Jiwe lilikuwa limeingia ukungu kidogo, kama jicho la mbwa mzee. Nikasema ni baridi.

Nikasimama nikatoa hotuba. Nilieleza kwamba almasi haikwaruziki, sawa, lakini ukiigonga nyundo inapasuka, na mwanangu ni mtu wa nyundo. Nikamgeukia Graeme. Graeme akajibu kwa upole kwamba ni kweli, keekee zake za meno zina unga wa almasi, na anazibadilisha kila mara. Nani alimwuliza?

Akachukua saladi. Akatafuna.

Ukatoka mlio uliosikika hadi jikoni. Graeme akatoa mdomoni kitu kidogo angavu kama kioo, na baada yake nusu ya jino lake. Wote tukatazama kidole cha Tamsin. Pale palipokuwa na moto palibaki doa jeusi na gundi.

Callum, ambaye tulimsahau, akasema polepole kwamba jino lina tano katika ugumu na lile jiwe la juu kama saba, kwa hiyo ilitarajiwa. Nimeanza kumpenda kijana huyu.

Roslyn akaniambia maneno ambayo hayaandikiki. Tamsin akanisindikiza hadi kwenye pikapu. Hakuwa na hasira, na hilo lilinisumbua.

"Baba, mimi sikuomba jiwe. Niliomba uje, ule, ukae meza moja na Graeme saa mbili tu bila ugomvi. Basi."

Akanirudishia pete, akanikunjia vidole juu yake kama mtu anayempa mtoto nauli.

Nimefikiria maneno yake njia nzima. Ni wazi kwamba Graeme anamtia aibu.

Jumatano, 13 Agosti

Glenys amekuja na habari. Lorcan siku ile alisimama dukani kwake akiondoka mjini, akamwuzia jiwe la bwawa. Nilipokuwa najaribu opali yangu kwenye dirisha, kumbe tayari lilikuwa kwenye droo yake, na aliponiuliza liko wapi alikuwa ananipima tu. Amelikata. Juzi baada ya shule Callum alikuja kutafuta jiwe gumu, lisilochomoza, lisilonasa kwenye kwato. Akachagua lile, likazamishwa ndani ya chuma cha pete, kingo zimefunikwa.

Picha imezunguka baa nzima. Mkono wa Tamsin, mweusi kwa kazi, umeshika nyundo. Nikaitazama muda mrefu. Pale kijani inapokutana na njano pana mwanga fulani. Nikamrudishia mwenye simu kabla hajaniona uso.

Masikini Tamsin. Analivaa ili asimvunje moyo mwalimu. Hata bluu hakuna.

Alhamisi, 14 Agosti

Harusi ni Novemba. Graeme, akiwa na jino jipya, amejitolea kulipia gauni. Sawa. Gauni halina maana bila kitu cha shingoni, na hapo ndipo nitakapomshinda. Nina lulu za marehemu mama yangu. Lulu halisi za baharini, alizivaa siku ya harusi yake na hakumwazima mtu yeyote maisha yake yote. Zimepoteza mng'ao kidogo.

Glenys, bila kuombwa, akasema lulu ndiyo laini kuliko vyote nilivyowahi kushika. Nizifute kwa kitambaa tu, nisiziweke kamwe karibu na kitu kichachu, kitaziyeyusha. Anataka nizipeleke kanisani na vumbi lake.

Nimezitia kwenye bakuli la siki tangu asubuhi. Zinatoa mapovu vizuri sana. Sikujua mama alikuwa na uchafu mwingi hivyo. Nimeongeza siki.